Mstari Usio na Sentensi

Siku hizi wasilisho la mtafiti kijana wa bayolojia halikosi picha moja: vidoa vya rangi, kila kidoa na jina lake la jeni au protini, na kati yake mistari inayopishana mpaka jicho linachoka kuifuata. Wasikilizaji hutikisa vichwa. Picha inapendeza, imetolewa na programu inayotajwa katika majarida makubwa, na hakuna anayetaka kuonekana mshamba. Lakini lipo swali dogo ambalo lingefaa kuulizwa kila picha hiyo inapotokea ukutani: huu mstari mmoja, kutoka protini hii kwenda ile, unasema nini? Nani aliandika jambo hilo, baada ya kumpima mnyama gani, na kwa maneno yapi?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa kutaja jina la programu: "STRING ndiyo imeonyesha." STRING haina maabara, haijawahi kumtoa mtu damu wala kufuga panya. Inachofanya ni kukusanya yaliyosemwa na wengine na kuyapa alama. Kwa hiyo jibu hilo linalingana na kusema kwamba habari umeisikia mjini.

Msimamo wangu katika makala hii ni mmoja. Programu inayochora uhusiano wa kibayolojia kutokana na maandiko ya kisayansi ipimwe kwa kitu kimoja kabla ya vingine vyote: inakurudisha kwa urahisi gani kwenye sentensi ambayo mstari ulitokea. Uzuri wa picha, idadi ya viumbe inaowajua, hata akili mnemba iliyofungwa ndani yake, hayo yaje baadaye.

Haja ya programu hizi haina ubishi. PubMed, hifadhi ya ikisiri za makala za tiba na bayolojia inayotunzwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35, na kila mwaka huongezeka zaidi ya milioni moja. Bingwa wa ugonjwa mmoja hawezi kusoma hata yote yanayoandikwa kuhusu ugonjwa wake. Matokeo yake, watu wawili wanaweza kuwa wameshika nusu mbili za jibu moja, kila mmoja katika jarida lake, na wakastaafu bila kujuana.

Aliyelithibitisha hili alikuwa Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakuwa daktari. Alisomea fizikia, kisha akahamia elimu ya ukutubi na habari. Mwaka 1986 alichapisha makala iliyokutanisha mafungu mawili ya maandiko yasiyokuwa yakitajana. Fungu la kwanza lilihusu ugonjwa wa Raynaud, ambao mishipa midogo ya vidole hujibana wakati wa baridi mpaka vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi. Waandishi wa fungu hilo walikuwa wakitaja damu yenye mnato uliozidi, chembe sahani (zile za damu zinazosaidia kuigandisha) zinazogandamana upesi, mishipa inayojikaza kupita kiasi. Fungu la pili lilihusu mafuta ya samaki, na waandishi wake walikuwa wakiripoti kwamba mafuta hayo hupunguza mnato wa damu, hupunguza kugandamana kwa chembe sahani, na huilegeza mishipa. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba wagonjwa wa Raynaud wajaribu mafuta ya samaki. Swanson akaandika. Mwaka 1989 jaribio dogo la kitabibu lilionyesha kwamba wenye aina ya msingi ya ugonjwa huo, yaani isiyotokana na ugonjwa mwingine, walipotumia mafuta hayo, walistahimili baridi kwa muda mrefu zaidi kabla ya vidole kuwageuka rangi. Kabla ya hapo, mwaka 1988, alikuwa tayari ametoa mfano mwingine: nyuzi kumi na moja zilizounganisha kipandauso na upungufu wa magnesi, ambazo madaktari walikuwa hawajazikusanya mahali pamoja.

Kutokana na kazi hiyo, yeye na Neil Smalheiser waliunda programu waliyoiita Arrowsmith, na fani nzima ikazaliwa. Kanuni yake inaelezeka kwa pumzi moja: kama A inahusiana na B katika maandiko haya, na B inahusiana na C katika maandiko yale, basi huenda A inahusiana na C ingawa hakuna aliyesema.

Fani iliirithi kanuni hiyo haraka. Ilichelewa kurithi namna Swanson alivyofanya kazi. Kompyuta ilimletea orodha ya makala. Kusoma, alisoma mwenyewe. Alijua ni nani aliyepima mnato wa damu, kwa wagonjwa gani, na kama tofauti ilikuwa kubwa ama ya kubahatisha. Alipoiandika ile "huenda", alikuwa anajua uzito wake.

Sasa tuangalie mashine inavyosoma, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya.

Kazi ya kwanza ni kutambua majina, na majina ya jeni ni balaa. Ipo jeni inayoitwa CAT, ipo WAS, ipo REST, ipo SET, ipo IMPACT. Yote hayo ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, lugha ambayo sehemu kubwa ya makala hizi imeandikwa. Watafiti wa nzi wa matunda walizipa jeni zao majina kama white na wingless. Kifupi PSA kinaweza kuwa protini ya tezi dume ambayo wanaume hupimwa, kinaweza kuwa kimeng'enya kingine kabisa, na kwa daktari wa viungo kinaweza kuwa aina ya ugonjwa wa baridi yabisi. Jina p21 limewahi kubebwa na protini mbili zisizo na undugu. Mashine ikikosea hapo, kila mstari unaofuata ni wa mtu mwingine.

Kuna kisa ambacho wanafani hukisimulia wakicheka, ingawa si cha kuchekesha. Lahajedwali ya Excel, ukiandika jina la jeni SEPT2 au MARCH1, hulifanya tarehe. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Australia walikagua faili za nyongeza zinazoambatana na makala za jenomu (jumla ya jeni za kiumbe) na kukuta kwamba karibu makala moja katika kila tano zenye orodha za jeni za Excel ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikakubali yaishe: jeni hizo sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Binadamu wamebadilisha majina ya jeni zao kwa sababu ya programu ya hesabu za ofisi. Tuendelee.

Majina yakishatambuliwa, njia nyepesi ya kuchora mstari ni kuhesabu majina mawili yanavyotokea pamoja katika ikisiri moja, au katika sentensi moja. Yakionekana pamoja mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati, mstari unachorwa. Hii ni falsafa ya lisemwalo lipo. Na kama methali yenyewe, ina ukweli wa kutosha kuwa hatari. Protini mbili zinazotajwa pamoja mara nyingi kweli huwa na jambo kati yao. Lakini jambo hilo linaweza kuwa lolote: moja inaiwasha nyingine, moja inaizima nyingine, zote mbili hupimwa kwa kifaa kimoja, au mtu ameandika waziwazi kwamba hazina uhusiano wowote. Sentensi "A haikuathiri B hata kidogo" inazo A na B ndani yake, na kwa mwenye kuhesabu tu, hiyo ni kura ya ndiyo.

Mfano ulio karibu na msomaji wa huku ni muarubaini. Dondoo za majani na mbegu zake zimewahi kumwagiwa juu ya karibu kila aina ya seli na vijidudu ndani ya visahani vya maabara, kwa hiyo katika maandiko mti huo unatokea pamoja na kisukari, malaria, saratani kadhaa na magonjwa ya ngozi. Ukichora mtandao wake utapata buibui mwenye miguu isiyohesabika. Muuzaji wa dawa kwenye simu yako ataipenda sana picha hiyo. Ukizifuata sentensi, utaona nyingi zinasema dondoo la kiwango kikubwa liliua seli kwenye kisahani, jambo ambalo hata siki inaliweza.

Njia ya pili inatafuta kitenzi. Inachambua sentensi ili kujua nani anamtenda nani: A inaamsha B, A inazuia B, A inajishikiza kwenye B. Hii ni bora sana, na kwa miaka mingi mashindano ya kimataifa yamekuwa yakifanyika ili kuipima. Hata hivyo wanasayansi ni watu wa tahadhari. Wanaandika "matokeo yanaashiria kwamba pengine A inachangia", na mashine inatoka na A inaamsha B. Ile pengine hupotea njiani, na pengine ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Mnamo mwaka 2004 Robert Hoffmann na Alfonso Valencia, wakiwa Madrid, walitoa chombo walichokiita iHOP. Siku hizi hakitajwi sana, nami naona ni hasara. Wazo lake lilikuwa la kiungwana: unaandika jina la jeni, unaletewa sentensi. Sentensi zenyewe, zilizokatwa kutoka kwenye ikisiri za PubMed, jeni nyingine zilizotajwa humo zikiwa viungo vya kubofya. Ukibofya, unahamia kwenye sentensi za jeni hiyo. Unasafiri ndani ya maandiko kwa kusoma, hatua kwa hatua, na wavu unajengeka kutokana na sentensi ulizochagua mwenyewe kuziamini.

Waundaji wake waliripoti jambo ambalo lingepaswa kubandikwa mlangoni pa kila maabara ya bioinfomatiki, fani ya kuchambua data za bayolojia kwa kompyuta: kutoka jeni yoyote kwenda jeni nyingine yoyote, kwa wastani, unafika kwa hatua nne tu. Walilitaja kama ajabu nzuri, na kweli ni nzuri. Ila fikiria maana yake kwa yule mwenye picha ukutani. Ikiwa kila kitu kimeunganika na kila kitu kwa hatua nne, basi kuonyesha kwamba jeni yako inaunganika na saratani hakuna ulichoonyesha. Ingeshangaza kama isingeunganika. Swali lenye maana ni kama kila hatua kati ya hizo inasimama kwa miguu yake, na hilo halijibiki bila kusoma.

STRING nayo nisiidhulumu. Ni kazi kubwa, iliyoanza mwaka 2000, na matoleo yake ya karibuni yanashughulikia viumbe zaidi ya elfu kumi na mbili. Inachanganya ushahidi wa njia mbalimbali: majaribio ya maabara, hifadhidata zilizohakikiwa na watu, jeni zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, jeni zinazokaa jirani katika jenomu za bakteria, na uchimbaji wa maandiko. Kila njia inaweza kuzimwa kwa kubofya. Ukigusa mstari, dirisha linafunguka na kukuonyesha ushahidi, pamoja na ikisiri zenye majina yaliyowekewa rangi. Waandaaji wamefanya wajibu wao. Tatizo liko kwetu tunaopakua picha na kuondoka.

Na alama zake husomwa vibaya kila siku. Mstari wenye alama 0.9 hauna maana kwamba protini mbili zinashikana kwa nguvu kuliko zenye 0.5. Alama inapima waandaaji wana uhakika kiasi gani kwamba uhusiano upo. Ukubwa wake, mwelekeo wake, na kama unatokea kwenye ini au kwenye ubongo, alama haisemi. Tena uhusiano wenyewe, usipobadilisha mpangilio wa awali, ni wa kushirikiana katika kazi, haulazimu protini hizo kugusana. Nimesoma tasnifu zilizojengwa juu ya kugusana huko.

Hapa mpinzani makini atanikatiza: sentensi nayo si ushahidi, ni dai tu. Ni kweli, na ipo kazi moja inayolionyesha hilo kuliko zote. Mwaka 2009 Steven Greenberg, daktari wa mishipa ya fahamu wa Boston, alichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa dai moja kuhusu ugonjwa wa misuli uitwao inclusion body myositis: kwamba protini ya amiloidi huzalishwa na kusababisha madhara ndani ya misuli ya wagonjwa hao. Alifuatilia makala 242 na namna zilivyonukuliana. Alikuta kwamba makala chache za mwanzo zilizounga mkono dai zilinukuliwa tena na tena, makala zilizolidhoofisha ziliachwa kando, na kilichoanza kama dhana kiligeuka ukweli kwa kurudiwa tu, bila data mpya kuongezwa. Mashine inayohesabu sentensi ingeyaona madai hayo kama mashahidi wengi. Walikuwa wachache, na mwangwi wao.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitatua tatizo hili karne nyingi zilizopita kwa kudai isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi. Fulani kasema kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani, mpaka aliyesikia kwa masikio yake. Wapokezi mia wanaokutana kwa mtu mmoja asiyeaminika hawazidi uzito wa mtu huyo. Programu za kuchimba maandiko nyingi hazina isnadi. Haziwezi kutofautisha makala iliyopima na makala iliyonukuu kipimo. Kipengele hicho kimoja kikiongezwa, kila mstari uoneshe umetoka kwenye majaribio mangapi yanayojitegemea, nusu ya picha za ukutani zingekonda. Lakini huwezi hata kuanza kuikagua silsila hiyo kama sentensi yenyewe hukupewa. Ndiyo maana nasema sentensi kwanza.

Kuna upande mwingine ambao unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, nao ni yale ambayo programu hazikuyasoma kabisa.

Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kwenye damu ya nyani aliyewekwa huko juu ya miti na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Mwaka 1952 matokeo yalichapishwa London kwa makala mbili. Ya pili kati ya hizo, ya George Dick, ilieleza kilichotokea virusi hivyo vilipoingizwa kwenye ubongo wa panya: vilikaa ubongoni na kuharibu seli za neva. Halafu kimya cha miongo. Mwishoni mwa 2015 Brazil ilitangaza kwamba watoto waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo walihusiana na Zika, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura.

Mtu wa haraka atasema: mnaona, jibu lilikuwepo tangu 1952, mashine ingeliona. Kwanza, kuna uwezekano mkubwa isingeliona. Makala nyingi za miaka ya 1950 zimo PubMed kwa kichwa tu, bila ikisiri, na programu inayolishwa ikisiri haina cha kutafuna hapo. Pili, tuseme ingeliona na kuchora mstari kutoka Zika kwenda ubongo. Ungeusomaje? Kwa mstari peke yake, ama unapiga kengele ama unapuuza. Sentensi ndiyo ingekuambia kwamba virusi vilidungwa ndani ya fuvu la panya, na kwamba enzi hizo ubongo wa panya ulikuwa mahali pa kawaida pa kukuzia virusi vya aina nyingi, kwa hiyo si kila kirusi kilichomwua panya kwa njia hiyo kingemdhuru mtoto tumboni. Mwenye sentensi angeweka alama ya kuuliza yenye ukubwa unaostahili, pengine angeshauri wajawazito waangaliwe mahali ambapo Zika inazuka. Si zaidi ya hapo, na si chini.

Kisa cha saratani ya Burkitt kinafundisha jambo lingine. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Makala ilitoka katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na wataalamu wa virusi hawakuwa na sababu ya kuifungua. Mwaka 1961 akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London, na miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwemo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani kwa hadubini ya elektroni. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Wakati huohuo Burkitt na wenzake wawili walikuwa wamezunguka kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, karibu kilomita elfu kumi na sita, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona uvimbe huu. Ramani iliyotoka humo ilifuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi, na ndiyo iliyowaelekeza watu kwenye malaria kama mshirika wa kirusi hicho.

Kuna A, kuna B, kuna C, lakini maandiko yake yalikuwa hayajaandikwa. Yalikuwa ndani ya vichwa vya waganga wa hospitali za misheni na kwenye daftari zao. Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameshauchora uvimbe kama huo kwenye kumbukumbu za wagonjwa wake miongo kadhaa kabla ya Burkitt. Programu ya kuunganisha maandiko inaunganisha yaliyoingia kwenye hifadhi. Majarida mengi ya Afrika hayaingii humo, ripoti za wizara haziingii, tasnifu zetu haziingii, na makala kamili zilizofungwa nyuma ya malipo hubaki na ikisiri tu, wakati maelezo ya mbinu na majaribio yaliyoshindwa hukaa katikati ya makala.

Hata ndani ya hifadhi, macho ya wanasayansi hayajatawanyika sawa. Mwaka 2018 Thomas Stoeger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba utafiti mwingi huzunguka jeni kama elfu mbili kati ya takribani elfu kumi na tisa tulizonazo za kutengeneza protini, na kwamba zilizopendwa zamani ndizo zinazoendelea kupendwa. TP53 ina makala nyingi kuliko jeni nyingine yoyote ya binadamu. Programu inayolishwa maandiko hayo itaiweka TP53 katikati ya kila picha, na mtafiti ataandika kwamba amegundua umuhimu wake. Alichokigundua ni umaarufu wake. Protini ambayo kimelea cha malaria anaihitaji na hakuna aliyeishughulikia itakaa pembeni bila mstari hata mmoja, na pengo hilo litasomeka kama kwamba haina kazi.

Sasa akili mnemba. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa Galactica, modeli ya lugha iliyofunzwa kwa mamilioni ya makala za kisayansi, ikiahidi kufupisha elimu na kuandika makala. Ilikaa hadharani siku tatu. Watumiaji walionyesha ikitunga marejeo yasiyokuwepo na kuzungumza upuuzi kwa sauti ya profesa, ikaondolewa. Modeli zilizofuata ni bora zaidi, nyingine huambatanisha viungo vya makala. Ila kuna jambo limebadilika katika mkono wa msomaji. iHOP ilikupa sentensi za watu, mbovu na nzuri, ukachambua. Modeli inakupa sentensi yake, laini, isiyo na kigugumizi cha mwandishi wa kwanza. Ile pengine niliyoilalamikia huko juu inaweza kufutwa bila alama kubaki, na kiungo kilichowekwa chini kinaweza kuelekeza kwenye makala ya kweli isiyosema hivyo. Bofya, usome.

Watetezi wa mashine wana kisa kizuri, na ni haki kukitaja. Februari 2020, wakati korona ikianza kusambaa, watafiti wa kampuni ya BenevolentAI ya London walitumia grafu yao ya maarifa, yaani mtandao wa dawa, protini na magonjwa uliomo kwenye kompyuta, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kutokana na maandiko, na kuandika barua katika jarida la Lancet kwamba baricitinib, dawa ya baridi yabisi, huenda ikafaa. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu itumike kwa dharura pamoja na remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, na Mei 2022 ikaiidhinisha kamili kwa wagonjwa wa hospitalini. Majaribio makubwa yalionyesha inapunguza vifo. Ni ushindi halisi. Ukiangalia ulivyopatikana, hata hivyo, unamwona Swanson tena: watu waliokaa na mashine, wakauliza, wakachuja dawa moja baada ya nyingine kwa kujua kila moja inazuia kimeng'enya gani na kwa dozi ipi, wakatoa dhana yenye sababu zilizoandikwa wazi, kisha majaribio ya wagonjwa yakaamua. Barua yao ni fupi, na kila hatua ya hoja unaweza kuikagua.

Kwa maabara za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, suala hili lina bei. Kingamwili za kupimia protini huagizwa ng'ambo, huja kwa kuchelewa, zinahitaji baridi njiani, na bajeti ya mwanafunzi wa uzamili hulipia chache. Maabara tajiri inaweza kufuata mistari hamsini ya uongo ili kupata mmoja wa kweli. Sisi mstari wa uongo unatula mwaka mzima wa shahada.

Ningekuwa na sauti katika kamati ya idara yoyote, ningependekeza jambo lisilohitaji fedha. Picha ya mtandao iruhusiwe kwenye tasnifu kwa sharti moja: iambatane na jedwali, na kila mstari wa picha uwe na safu yake ndani ya jedwali hilo. Sentensi iliyoutoa, neno kwa neno. Kiumbe kilichopimwa. Mwaka. Kama mwandishi alipima mwenyewe au alimnukuu mwingine, na kama alinukuu, aliyepima ni nani. Mistari isiyopata sentensi ifutwe. Wanafunzi watalalamika kwamba kazi hiyo inachosha, na wasimamizi wengine watalalamika zaidi, maana nao itabidi wasome. Wavu uliokuwa na mistari mia mbili utatoka na kumi au kumi na mitano, haupendezi tena, na miwili mitatu kati ya hiyo itastahili kuagiziwa kingamwili.